Santuri ya Chapa ya Kwanza

Moroni, Badjanani
14 Aprili 1985

Bi Kalathoumi,

Hunijui kwa uso, nami sikujui, ila jina langu umelisikia kwa miaka kumi na saba na sidhani kama uliwahi kulipenda. Mimi ni Echat binti Mmadi, mke wa Rachadi wa huku Ngazidja, kama wewe ulivyo mkewe wa huko kisiwani kwenu. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu yeye aliniambia zamani kuwa na wewe umekulia Unguja, upande wa Ng'ambo, kama mimi nilivyokulia Malindi. Kingazidja changu ungekicheka, na Kindzuani chako nisingekielewa nusu. Kwa lugha hii angalau tutaelewana, hata kama hatutapendana.

Salamu ndefu nitakupa siku nyingine. Rachadi amekamatwa. Walimchukua tarehe kumi na mbili ya mwezi uliopita, dukani kwake, akiwa amefungua redio ya mtu mezani. Tangu yale maasi ya askari, hawa Wazungu wa kukodiwa wanazoa watu kama wanaozoa dagaa. Kosa la Rachadi ni kwamba kipaza sauti chake kilionekana kwenye mkutano wa wapinzani Ntsoudjini. Mwenyewe hakwenda. Aliwaazima tu, kama anavyowaazima watu wa harusi na wa maulidi.

Sasa sikiliza kwa makini. Mkubwa wa kambi alimofungwa ni Mzungu mmoja ambaye mji mzima tunamwita Mwenye Miwani. Huyo ndiye aliyekuwa akija hotelini kila Jumamosi kumsikiliza Rachadi akipiga gitaa. Anapenda zile nyimbo za Kibrazili, bosanova. Ana sahani moja ya santuri ya nyimbo hizo iliyochapishwa upya Paris mwaka huu, lakini haimridhishi. Anaitafuta ya chapa ya kwanza, ya mwaka sitini na tatu, na ameikosa huko kwao na kila mahali. Rachadi akamwambia anayo, aliinunua kwa baharia wa Kireno bandarini Unguja, na imo nyumbani kwako. Mwenye Miwani akajibu: iletwe, nami nitalitazama faili lako upya.

Mkono mtupu haulambwi, Bi Kalathoumi. Nakuomba santuri hiyo. Mpe kaka yako Fakri pale ofisini bandarini, naye ampe mtu wa meli unayemwamini. Barua hii inakuja kwa njia hiyohiyo.

Echat binti Mmadi


Mutsamudu
22 Aprili 1985

Bi Echat,

Barua yako imefika. Fakri alisimama mlangoni akisubiri nimsomee, sikumsomea.

Nakupongeza kwa mwandiko. Ama hadithi yako, ina vitu vingi mno: kambi, miwani, baharia wa Kireno. Wewe hujui, au unajifanya hujui, kwamba Rachadi mwaka juzi aliitaka santuri hiyo aende nayo Moroni awafundishe vijana wa bendi yake, nikakataa. Mwaka jana akaitaka tena, nikakataa. Mwaka huu haitaki yeye, anaitaka Mzungu, na barua inaandikwa na wewe. Mimi si mtoto wa kupewa peremende.

Santuri ile ni yangu. Alinipa mwaka sitini na sita, siku ya saba ya harusi yetu, mbele ya shangazi zangu wote, na kila mtu hapa Mutsamudu anajua hivyo. Hukuwapo. Kila kitu kingine cha Rachadi tumegawana bila kuonana na sikulalamika, Mungu shahidi. Hicho kimoja niachie.

Watu wa meli wanasema huko Moroni wamekamatwa wengi. Jina la mume wangu sijalisikia kwa yeyote. Kama ni kweli amefungwa, aniandikie mwenyewe. Mistari miwili tu, kwa mkono wake. Mwandiko wake naujua kuliko uso wake. Nikiuona nitajua la kufanya.

Kalathoumi binti Boina


Moroni
1 Mei 1985

Bi Kalathoumi,

Nilikuandikia jibu la kwanza likawa matusi matupu. Binti yangu Oumi alilisoma akalichana. Ana miaka kumi na sita na ana akili kuliko mimi, kwa hiyo unapata hili la pili.

Kuandika hakuwezekani. Usiniulize zaidi ya hapo. Niliruhusiwa kumwona kidogo: yu hai, anaongea, anakula kidogo, ana kikohozi.

Nakuletea kofia. Ndiyo aliyokuwa ameivaa siku waliyomchukua. Kila Ijumaa napeleka chakula mlangoni mwa kambi, nao wananirudishia furushi la nguo chafu, na wiki mbili zilizopita kofia hii ilikuwamo. Nimeifua mara tatu. Lile doa la upande wa kulia halitoki, na mimi ni mtu ninayejua kufua. Hakuna mtu huku Ngazidja anayeshona viua namna hiyo, hilo unajua. Miaka kumi na saba mume wangu anatembea Badjanani kavaa kofia za mke mwenzangu. Nimezifua, nimezitia wanga, nimezianika juu ya sufuria zisipoteze duara, wala sikuwahi kuiunguza hata moja, ingawa kuna siku nilitamani.

Mwenye Miwani ameuliza mara mbili santuri iko wapi. Mara ya tatu sijui atauliza vipi.

Echat


Mutsamudu
7 Mei 1985

Bi Echat,

Kofia ni yangu. Ni ya mwaka juzi. Kiua cha nne nilikikosea nikakifumua, na uzi wake umelegea kidogo mpaka leo. Nilipoigusa tu nilijua. Nisamehe kwa niliyokuandikia. Nilikuwa na sababu ya kuwa mkali, na sababu hiyo si uliyoifikiri.

Mficha uchi hazai, nami nimeficha miaka minane. Santuri imevunjika.

Mwaka sabini na saba nilijifungua Zaitoun, baada ya miaka kumi na mmoja ya kungoja. Nilikuwa siku ya kumi na tisa ya arobaini yangu. Vijana wa mapinduzi wakaingia kupekua. Walikuwa wakitafuta dhahabu za harusi, hirizi, vitabu vya uganga, na kila walichokiona kuwa ni anasa ya mabwana. Rachadi alikuwa huko kwako. Nikaisukuma santuri chini ya godoro nikakaa juu yake na mtoto mikononi. Mwanamke aliye katika arobaini hainuliwi kitandani, hata wale vijana na ujeuri wao wote walilijua hilo. Basi hawakuniinua. Wawili wao wakaketi ukingoni mwa kitanda, mmoja kila upande, wakanihutubia juu ya ukombozi wa mwanamke. Walihutubia robo saa nzima. Katikati ya hotuba nikasikia mlio mdogo chini yangu, nikajua. Nikaendelea kuitikia ndiyo, ndiyo.

Imekatika vipande viwili vikubwa na kimoja kidogo. Jalada halina hata mkunjo, kwa kuwa nilikuwa nimelitenga chini ya mkeka.

Sikumwambia. Mara nilisema sindano ya gramafoni imekwisha, mara naiweka kwa ajili ya harusi ya Zaitoun. Alipoitaka aende nayo Moroni nikamwambia maneno mabaya juu yako ili akasirike aache kuuliza. Sikumnyima kwa choyo. Sikuwa na cha kumpa.

Sasa Rachadi ameahidi kitu ambacho hakipo, na aliyefanya kisiwepo ni mimi. Naona kama nimemfungia mlango kwa nje. Niambie la kufanya. Lolote.

Kalathoumi


Moroni
12 Mei 1985

Bi Kalathoumi,

Nilisoma barua yako nikakaa sakafuni. Oumi alidhani kuna msiba. Nikamsomea ile sehemu ya hotuba akacheka, nami nikacheka, halafu nikalia. Mambo yametuchanganyikia humu ndani.

Kukulaumu nitakulaumu akishatoka. Kwa sasa tufanye kazi.

Jumanne tuliitwa kambini, mimi na Oumi, kuulizwa santuri. Nikasema imekwama Mutsamudu, bahari chafu. Oumi akatafsiri bila kupepesa. Mwenye Miwani hakukasirika. Alituweka kitako akatuonyesha hiyo mpya yake, akaeleza kwa muda mrefu ubaya wake, kama mtu anayesimulia mkwe asiyempenda. Oumi alitumia muda huo kuitazama. Anasema sahani yenyewe ni nyeusi kama sahani zote. Ile karatasi ya mviringo ya katikati wameiiga ya zamani, rangi ileile na maandishi yaleyale kama yalivyo kwenye picha ya ile ya zamani ambayo Mzungu huyo ameikata gazetini. Tofauti ni mstari mmoja mwembamba ukingoni mwa karatasi, wenye mwaka wa kuchapishwa upya. Kilichobadilika sana ni jalada: linang'aa, na pembeni wameongeza utepe wa maneno.

Jalada la zamani unalo wewe.

Umenielewa. Rachadi aliwahi kuniambia una kaka mwingine, Charif, yuko Marseille. Aende dukani na jina lililoandikwa kwenye jalada lako, anunue hiyo mpya, ampe mtu wa kwanza anayepanda ndege. Utakapoipata ifanye izeeke, sijui kwa namna gani. Wewe ndiye mwenye mikono. Mimi najua kufua na kuuza khanga tu.

Rachadi simwambii. Yeye anaamini santuri iko nzima kabatini kwako, na wakimuuliza anajibu moja kwa moja. Tukimwambia atababaika. Mwache aamini.

Nimeomba muda mpaka mwisho wa Ramadhani. Nimepewa.

Echat


Mutsamudu
9 Juni 1985

Bi Echat,

Inakuja na mtu anayekuletea barua hii. Ni binamu yake mke wa Fakri, hazungumzi ovyo. Ameambiwa ni sahani ya kaswida.

Charif alituma haraka, Mungu amzidishie, na akaniandikia kuniuliza kama nimerukwa na akili. Sikumjibu bado.

Nikueleze nilichofanya ili ukiulizwa usipotee. Kwanza nilijaribu kuibandua ile karatasi ya katikati kwenye kipande cha zamani niihamishie kwenye mpya. Niliilowesha usiku kucha katika maji ya moto. Haitoki. Fakri anasema haikubandikwa kwa gundi, imepikwa pamoja na sahani. Basi nikaachana nayo. Nilichukua chai ya rangi nzito na karafuu, nikaipaka karatasi ya sahani mpya kwa pamba, nikaanika kivulini, nikapaka tena. Imekuwa rangi ya meno ya mzee. Ule mstari wa mwaka niliukwangua kwa ncha ya sindano ya kofia, herufi moja moja, siku mbili, maana nilifanya asubuhi tu mkono ukiwa haujachoka kwa saumu. Ulibaki mkwaruzo. Juu ya mkwaruzo nikaandika jina la Rachadi kwa wino, kama walivyokuwa wakiandika wenye santuri Unguja ili zisiibiwe harusini. Nimeuiga mwandiko wake. Nilikwambia naujua.

Halafu kulikuwa na uzuri wake. Iling'aa mno. Kuchafua kitu kipya ni kazi ngumu kwa mwanamke aliyelelewa vizuri, lakini nimejitahidi. Nimeifuta kwa kaniki yenye vumbi, nimeigusagusa kwa vidole vyenye mafuta ya nazi, nimeipiga kwenye gramafoni ya Fakri mara ishirini kwa sindano butu. Zaitoun amezishika nyimbo zote, anaziimba kwa Kireno asichokijua. Nimemwambia mtu akimuuliza aseme ni za redio.

Mfuko wa ndani ni wa zamani, na jalada ni la zamani. Ukilinusa lina harufu ya mkeka wangu.

Naogopa, Bi Echat. Akigundua hatakuja kunipiga mimi huku Mutsamudu. Atampiga yeye. Ukiona haifai, ivunje, useme imevunjika njiani, na uniseme mimi.

Kalathoumi


Moroni
17 Juni 1985

Bi Kalathoumi,

Tulimpelekea Jumamosi. Usisome hii mbele ya watu.

Alitupokea nyumbani kwake, si kambini. Sisi tumefunga, yeye anatuwekea soda. Akatoa santuri kwenye jalada kwa vidole viwili, kama anashika mtoto mchanga. Akanusa. Akatazama katikati, akasoma jina la Rachadi, nikajua sasa tumenaswa. Akacheka. Akamwambia Oumi kwamba kwa kawaida sahani iliyoandikwa jina hupungua thamani, lakini hili ni ushahidi kwamba imetoka kwa mtu aliyeipenda. Mwandiko wako huo, mwenzangu.

Halafu akafanya jambo nililokuwa nikiliogopa kuliko yote. Ana mashine kubwa, na ile mpya yake anayo hapohapo. Akapiga wimbo mmoja kutoka kwenye yake, akatoa, akaupiga wimbo huohuo kutoka kwenye yetu. Nilikaza macho kwenye zulia. Nilisema shahada kimoyomoyo. Kwangu mimi zilikuwa sauti moja, ila yetu ilikwaruza. Oumi alinibana kidole mpaka kikafa ganzi.

Mzungu akafumba macho. Ulipokwisha akasema: mnasikia tofauti? Akasema ya zamani ina joto, unasikia pumzi ya mwimbaji, unasikia chumba walichokaa. Hiyo mpya, akasema, ni maiti iliyopambwa. Oumi akatafsiri neno kwa neno, akaongeza kwamba ndiyo, tunasikia. Mimi nikasema alhamdulillah, na hilo halikuhitaji tafsiri.

Akaupiga upande wa pili wote. Hapo nina neno langu.

Wimbo wa tatu wa upande wa pili naujua. Mwaka sitini na nane Rachadi aliniimbia huo, maneno yake Kingazidja, na akaniambia ameutunga kwa ajili yangu. Ulipigwa siku ya harusi yetu. Wanawake wa Badjanani walinionea wivu mwaka mzima. Juzi nimeusikia ukiimbwa na mwanamke wa Kibrazili nyumbani kwa Mzungu, mume wangu amefungwa, na mimi nikaona hasira. Pale pale. Nilitaka kusimama niondoke. Moyo hauna adabu. Miaka kumi na saba nimejigamba na wimbo uliokuwa kwenye santuri ya mke mwenzangu.

Nimekwambia kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Oumi hajui.

Mzungu amesema ataliangalia faili wiki ijayo. Hakusema zaidi. Nimepika leo sambusa za kutosha watu kumi kwa sababu sikuweza kukaa bila kufanya kitu.

Echat


Moroni
29 Juni 1985

Bi Kalathoumi,

Ametoka. Jana baada ya sala ya Ijumaa, kwa miguu, mlango wa nyuma. Hakuna karatasi aliyopewa. Wengine aliokuwa nao chumba kimoja bado wamo.

Amelala saa kumi na nne. Hajauliza kuhusu santuri, nami sijamwambia, kwani si yangu kuieleza.

Nimepiga hesabu ya zamu. Alikuja kwangu tarehe ishirini Februari, ilikuwa akae miezi miwili aende kwako. Amekaa Moroni miezi minne na zaidi. Sitaki unione dhalimu. Atapanda meli ya Alhamisi.

Kuna jambo sikukuandikia. Aliniapisha kwa msahafu nisikuandikie, na kiapo nimekishika. Utaliona mwenyewe akishuka. Usinichukie.

Echat


Mutsamudu
18 Julai 1985

Mwenzangu Echat,

Alishuka gatini mkono wa kulia ameutia ndani ya kanzu. Fakri akamnyooshea mkono, yeye akampa bega. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa ofisi na buibui langu, nikadhani ameshika kitu anachotaka kunipa.

Vidole vitatu vimeunga vibaya. Havikunjiki. Daktari wetu wa hapa amevitazama akasema wangelivifunga siku ileile pengine, sasa hapana. Hakuniambia ni nani, wala sikumuuliza. Ila nimefikiri sana juu ya mtu anayefumba macho kusikiliza gitaa, na ndani ya kambi yake anavunjwa mpiga gitaa. Pengine hakujua. Pengine alijua na akapenda muziki hivyohivyo.

Sasa najua kwa nini nilipotaka mistari miwili ya mkono wake uliniletea kofia. Ungeandika neno moja tu, mkono, ningekuamini siku hiyohiyo. Hukuandika kwa sababu ya kiapo, na mimi nikakuita mwongo. Deni hilo ninalo.

Hali chakula mbele ya watu. Kwa kulia hawezi, kwa kushoto anaona haya. Wiki ya kwanza alisema ameshiba kila siku. Siku ya nane nikafunga mlango, nikamtoa Zaitoun nje, nikamlisha kwa mkono wangu, naye akakubali. Tulipomaliza nikaona ndiyo saa yake. Nikatoa vile vipande vya santuri nikavipanga mezani mbele yake, nikamwambia yote: arobaini, godoro, hotuba, miaka minane ya sindano iliyokwisha, chai na karafuu, jina lake nililoliiga.

Aliviunganisha kwa mkono wa kushoto. Nilitarajia anitukane, na ningestahili. Akasema, "Ungeniambia mwaka ule, ningemwambia yule Mzungu kwamba sina kitu." Akarudia, "Ningemwambia sina kitu, nami ningekuwa bado mle." Kisha akalia, mwenzangu. Sijawahi kumwona akilia. Alilia kama mtu aliyekuwa akingoja ruhusa.

Kuhusu wimbo wako, nilimuuliza. Hukuniruhusu, lakini mimi ndivyo nilivyo. Nilimuuliza kwa nini alikudanganya kuwa ameutunga. Akasema, "Kalathoumi, wewe nilikupa santuri. Nilipokwenda kwa Echat sikuwa na kitu mkononi, nami nilitaka kumpa kikubwa kuliko santuri." Nimekuandikia kama alivyosema. Nilikasirika kwa ajili yangu kidogo, halafu nikamwonea huruma. Maneno ya Kingazidja ameniimbia polepole bila gitaa. Hayo, Echat, aliyatunga yeye. Kwenye santuri hayamo, nimeisikiliza mara ishirini. Kwa hiyo endelea kujigamba.

Sasa zamu. Umeniandikia kuwa umezidisha. Nimepiga hesabu mimi pia, maana hesabu zako zina kosa. Tangu tarehe kumi na mbili Machi mpaka ishirini na nane Juni ni siku mia na nane. Siku hizo ulibeba vyungu ukasimama kwenye mlango wa kambi. Mlango si mume. Siku mia na nane zile alikuwa nazo Mzungu, si wewe, nami siwezi kukuhesabia ulichoibiwa. Zamu yako ilikatwa ikiwa na siku ishirini tu.

Nimekaa naye wiki mbili, nimemshukuru Mungu. Anarudi kwako kwa meli ya Jumamosi, na barua hii anaibeba mwenyewe, nimeifunga kwa gundi ili asiifungue. Akifika funga mlango, ule naye, umlishe. Maliza zamu yako yote.

Mimi nitangoja yangu.

Mke mwenzio,
Kalathoumi